Marseille: Rubani Aliyeuawa na Ndege Yake

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine hamjambo.

Leo nimekuja na habari za kijana mmoja wa Kijerumani, Hans-Joachim Marseille, rubani wa ndege za kivita katika Vita vya Pili vya Dunia. Alizaliwa Berlin mwaka 1919, akafia Misri mwaka 1942, ana miaka 22. Kwao walimpa jina la Nyota ya Afrika. Jina hilo linaniuma kidogo, nanyi mtaona kwa nini.

Mwanzo wake ulikuwa mbovu. Mwaka 1940, kwenye anga la Uingereza, aliangusha ndege 7, lakini na zake kadhaa zilipotea. Amri hazikumwingia. Mkuu wake, Steinhoff, alichoka naye akamhamisha. Hivyo ndivyo alivyofika kwenye kikosi cha 27 cha ndege za kivita, na mwaka 1941 kikosi hicho kikapelekwa Libya. Huko mkuu mwingine, Eduard Neumann, alimvumilia. Naamini bila uvumilivu huo leo tusingekuwa tunamtaja.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye ufundi wenyewe. Marubani wa upande wa Waingereza wakivamiwa walikuwa wakizunguka duara, kila mmoja akimlinda mwenzake wa mbele, mfano wa watoto wanaocheza ukuti ukuti. Ukimfuata mmoja, wa nyuma yake anakumaliza. Marseille aliingia humohumo ndani ya duara. Alipunguza mwendo kiasi kwamba rubani mwingine angeogopa kuanguka, akakata kona kali, kisha akafyatua risasi chache, si pale ndege ilipo bali pale itakapofika. Hakuyajua hayo tangu mwanzo. Kila akirudi kutoka vitani alifanya mazoezi kwa kuzivamia ndege za wenzake, bila kufyatua.

Tarehe 3 Juni 1942 aliangusha ndege 6 kwa dakika chache. Zote zilikuwa za kikosi nambari 5 cha Afrika Kusini, kilichopigana upande wa Waingereza. Mmoja wa waliokufa, Robin Pare, naye alikuwa bingwa kwao. Tunapoisoma ile hesabu ya ndege 158 aliyoandikiwa Marseille kuwa ameziangusha, 151 kati yake Afrika Kaskazini, tukumbuke kwamba ndani yake wamo watu kama Pare. Septemba mosi mwaka huohuo alidai kuangusha ndege 17 kwa siku moja. Kumbukumbu za Waingereza zinathibitisha sehemu tu ya hizo, lakini magazeti ya Hitler hayakuwa na haja ya kungoja uthibitisho. Yalitaka shujaa, na uso wa kijana yule ulipendeza pichani.

Kuna mtu mmoja ambaye magazeti hayo hayakumtangaza: Mathew Letulu, askari mweusi wa Afrika Kusini aliyetekwa Tobruk, mji wa Libya. Alipelekwa kambini kwa akina Marseille kama mtumishi, wakaishia kuwa marafiki. Urafiki wa mateka na mtekaji una mzigo wake, sitaupamba. Lakini ulikuwepo, tena chini ya serikali iliyohubiri kwamba mtu mweusi si mtu kamili.

Tukaja Septemba 30. Kikosi kilikuwa kimeletewa ndege za Kijerumani za Messerschmitt za aina mpya, ambazo injini zake zilikuwa zikiharibika ovyo. Marseille alizikataa mpaka amri ilipotoka juu. Siku hiyo hawakukutana na adui yeyote. Wakiwa njiani kurudi, injini ikashika moto, moshi ukajaa alipokaa, akawaambia wenzake kwa redio kwamba haoni. Wakawa wanamwelekeza: kushoto, kulia, vumilia kidogo, tunakaribia kwetu. Walipoufikia upande wao aliipindua ndege tumbo juu ili achomoke. Akachomoka, lakini ndege ilikuwa tayari inashuka kwa kasi na mkia ukampiga kifuani. Mwavuli haukufunguka.

Aliangukia kusini mwa Sidi Abdel Rahman, huko Misri. Mahali hapo pamejengwa piramidi dogo la mawe, na maandishi yake yanasema kwamba alikufa bila kushindwa.