Bei ya Auti Moja: Banti katika Besiboli ya Vyuo Vikuu vya Marekani

Ndugu zangu makocha, wanafunzi na wapenzi wa besiboli, asanteni kwa kufika.

Awamu ya kwanza. Hakuna aliyetolewa, mkimbiaji yuko besi ya kwanza. Anaingia mpigaji wa pili, kijana mwenye jicho na mkono kuwashinda karibu wenzake wote. Kocha anagusa kofia, anagusa bega: piga banti. Kijana anaukinga mpira kwa gongo, unadondoka mbele yake, yeye anatolewa na mwenzake anasogea besi ya pili. Jukwaa linashangilia. Mimi nasema hapo hapakuwa na cha kushangilia, na nitaeleza kwa nini. Kisha nitawageukia wale wanaotaka banti ifutwe kabisa, maana nina neno nao pia.

Mchezo wa awamu tisa unakupa auti 27, yaani wachezaji wako hutolewa mara 27, tatu kila awamu. Hakuna saa inayokimbia, auti ndizo muda wako. Earl Weaver, aliyeifundisha Baltimore Orioles ya ligi kuu ya kulipwa kwa miaka mingi, alishikilia kwamba hizo huzigawi bure, na hesabu zilizokuja baadaye zikamuunga mkono. Katika ligi kuu ya kulipwa, mkimbiaji akiwa besi ya kwanza bila auti, timu hutarajia takriban mikimbio 0.86 hadi awamu iishe (mkimbio ni pointi, mkimbiaji anapozunguka besi zote). Msogeze kwa banti, awe besi ya pili na auti moja, matarajio yanashuka hadi kama 0.66. Utasema: mimi nautaka mkimbio mmoja tu. Haya, tuangalie huo mmoja. Uwezekano wa kupata angalau mmoja ulikuwa kama asilimia 42. Baada ya banti unakuwa kama 40. Umelipa auti nzima, na mkononi huna kitu.

Wengi huishia hapo na kufunga daftari. Mimi siwezi, kwa sababu jedwali la hesabu hizo ni la watu wazima wanaolipwa kucheza, na sisi tunazungumzia wanafunzi.

Chuoni, mlinzi wa besi ya tatu anayeukimbilia mpira wa banti ni kijana wa miaka 19. Anauokota akiwa ameinama, anageuka, anarusha kwa haraka, na mara nyingi zaidi kuliko kwenye ligi kuu mpira unapita juu ya besi ya kwanza. Banti iliyokusudiwa kutoa auti inazaa wakimbiaji wawili na hakuna auti. Tena mpigaji wa tisa wa chuo huwa dhaifu sana ukimlinganisha na wa kwanza, hivyo zamu yake ina thamani ndogo kuliko wastani wa jedwali.

Halafu kuna magongo, na hapa naomba tukae kidogo. Magongo ya alumini yaliruhusiwa vyuoni mwaka 1974. Yalipozidi kuboreshwa, mpira ukawa unaruka mno: LSU, chuo cha Louisiana, walipiga homurani 188 (mapigo yanayoutoa mpira nje ya uwanja) msimu wa 1997, na fainali ya vyuo ya 1998 mjini Omaha, USC ya California dhidi ya Arizona State, iliisha 21 kwa 14. Mwaka 2011 vyuo vikaleta kipimo kipya cha gongo kilichopunguza nguvu ya mpira kuruka. Wastani wa homurani kwa kila timu katika mchezo mmoja ukaanguka kutoka 0.94 mwaka 2010 hadi 0.52, na kufikia 2014 ulikuwa 0.39. Mwaka huohuo wa 2011 fainali zilihamia uwanja mpya wa Omaha, ambako upepo mara nyingi humvumia mpigaji usoni.

Hapo ndipo banti ilipopata hadhi yake. UCLA, chuo cha Los Angeles kilichofundishwa na kocha John Savage, ilitwaa ubingwa wa 2013 kwa wastani wa kupiga wa .227 tu katika fainali hizo, yaani chini ya pigo moja la kufika besi kwa kila zamu nne. Walirusha vizuri, wakadaka vizuri, wakapiga banti nyingi, na katika michezo mitano wakaruhusu mikimbio minne. Mkimbio unapokuwa adimu kiasi hicho, aliyesogea besi moja amefanya jambo kubwa. Kocha Augie Garrido naye alishinda ubingwa mara tano, mitatu akiwa na Cal State Fullerton na miwili akiwa na Texas, na banti ilikuwa kiini cha mafundisho yake. Mtu huyo hakubahatisha.

Lakini hata katika ukame ule, sikilizeni kilichotokea mwaka 2014. Michezo 16 ya Omaha ilitoa homurani tatu tu. Ya tatu aliipiga John Norwood wa Vanderbilt katika mchezo wa mwisho, awamu ya nane, matokeo yakiwa 2 kwa 2. Vanderbilt wakashinda 3 kwa 2.

Mwaka 2015 ukaja mpira wenye mshono bapa, unaoruka mbali zaidi. Homurani zikaanza kurudi, na mwaka 2024 Tennessee wakawa mabingwa wakiwa na 184. Kocha anayepiga banti leo kama vile bado tuko 2013 anacheza dhidi ya hali ambayo haipo tena.

Kwa hiyo, makocha, ninayoomba ni haya. Wakimbiaji wakiwa besi ya kwanza na ya pili bila auti, mchezo umefungana, awamu ya nane au ya tisa, piga banti: hata kwa hesabu za ligi kuu, uwezekano wa mkimbio mmoja hupanda kutoka kama asilimia 61 hadi karibu 67. Mpigaji dhaifu na mlinzi wa besi ya tatu aliyesimama nyuma sana? Piga pia, na umwambie kijana akimbie kana kwamba ni pigo la kufika besi, kwa sababu mara nyingine litakuwa hivyo. Awamu ya kwanza, mpigaji wako bora wa pili, usimnyang'anye zamu yake. Amefanya mazoezi majira yote ya baridi kwa ajili ya mpira ule.

Na banti zenyewe zifundishwe kila wiki, kwa mpira wa kasi ya mchezo, mkimbiaji akiwa besini na walinzi wakisogea mbele. Wengi wanaoagizwa kuipiga awamu ya tisa huwa wameijaribu tu dhidi ya mipira laini ya kupasha mwili.