Fungua Kwanza Mfuniko wa Tangi
(Mhadhara kwa mafundi wa pikipiki, Tabora mjini)

Mwangaluka, ndugu zangu. Wazee, shikamooni.

Najua wengine mmeshanisikia juu ya jambo hili la pikipiki ya matairi manne inayozima njiani. Mtanisikia tena, maana juzi nimemkuta kijana kaifumua kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, kando ya barabara, jeti zake, vile vipande vyenye matundu ya kupitishia petroli, kaziweka juu ya kandambili, na upepo huu wa kiangazi unamwaga vumbi humohumo.

Pikipiki ya matairi manne inazima njiani. Asubuhi imewaka vizuri, umeondoka. Baada ya muda inakosa nguvu, unavuta mafuta, inakohoa, kimya. Unakaa kivulini kidogo, unajaribu tena, inawaka! Fundi anasema nini? Kabureta. Kila kitu kabureta. Hivi kabureta ikichafuka, inajisafisha yenyewe ukiwa umekaa kivulini?

Kuna mzee mmoja wa mizinga ya nyuki, huko Sikonge, alileta yake juu ya kenta. Alikuwa ameshauziwa kabureta mpya, tena mara mbili. Porini inazima, anasubiri, inawaka, inazima tena. Wengine wakaanza kumwambia pori lile lina wenyewe. Sikushika spana. Niliiendesha mpaka ikazima, nikafungua mfuniko wa tangi palepale. Fyuuu! Hewa ikaingia kwa nguvu. Nikafunga, nikapiga stata, ikawaka papo hapo.

Petroli ikitoka kwenye tangi, lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Mama akitoboa kopo la maziwa tundu moja, maziwa yanagoma. Akitoboa la pili, yanashuka. Mfuniko wa tangi una njia yake ya hewa, na kwenye nyingi za matairi manne kuna mpira mwembamba unaotoka kwenye mfuniko kwenda kwenye usukani. Ule wa mzee nilipouchomoa, mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa udongo mkavu, umekandwa vizuri kabisa. Nyigu! Kaona tundu, kajenga. Waya mwembamba, pumzi moja, kazi imekwisha. Mzee akauliza bei, mimi nikaona aibu kuitaja, akaniachia asali.

Sasa namwona yule pale anataka kusema, “Mwalimu, si tuendeshe tu na mfuniko umelegezwa?” Hapana! Kulegeza ni kwa kupima tu, mahali tambarare, mwendo wa taratibu. Kwenye mteremko petroli itamwagikia injini ya moto, na hapo hatutazungumza habari za kuzima, tutazungumza habari za kuzima moto. Na sigara uitupe kabla hujagusa mfuniko.

“Mfuniko nimefungua, haikulia, na bado inazima.” Vizuri, sasa umepata haki ya kuendelea. Sikiliza inavyozima. Ikilegea polepole, ikikosa nguvu kabla ya kufa, fuata njia ya mafuta: koki, chujio, maji kwenye petroli, hasa ile ya chupa za kando ya barabara. Ikikatika ghafla kama mtu kazima swichi, fuata umeme. Na umeme upime ikiwa bado ya moto, pale pale ilipozimikia! Koili mbovu ikipata joto inakata cheche, ikipoa inarudi. Ukiisukuma mpaka gereji, ukanywa chai kwanza, ukapima, cheche utaiona nzuri na utasema koili nzima. Plagi nyingine ya kupimia cheche iwe mfukoni, hilo sitalirudia.

Tapeti nazo, zile zinazosukuma valvu kufunguka. Nafasi yake ikibana mno, injini ikipata joto valvu haifungi sawasawa, mgandamizo unapotea. Pima injini ikiwa baridi, fuata kitabu cha mashine yenyewe, msiniletee kipimo cha kubahatisha kwa kucha.

Swichi nyekundu ya kuzimia injini, na ile kamba ya usalama inayoizima dereva akianguka: tikisa waya wake injini ikinguruma. Ikizima, umeshapata. Zile zisizo na kabureta, zinazopuliza mafuta kwa sindano za kielektroniki, nyingi zina kihisi cha kuanguka, kikilegea kwenye kishikizo chake kinaidanganya mashine kwamba imepinduka. Chujio la hewa mnalijua. Kwa vumbi letu hili mtu anayeliacha msimu mzima ana lake jambo.

Ya betri na chaji leo muda hautoshi. Pale nje kuna moja imeletwa tangu asubuhi, mwenyewe anasema inazima kila akifika reli. Twendeni, na atakayetangulia na bisibisi nitamrudisha.