Mtoto Anamtazama Fundi. Je, Fundi Naye Anamwona?

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, asanteni sana kwa kuja.

Tuanzie bustanini. Ni Fairmount Park, jijini Philadelphia, mwanzoni mwa miaka ya 1870. Mtoto wa miaka kama 13 anatembea na baba yake. Mara anamwona mchoraji yuko kazini, anachora mandhari ya pale pale. Mtoto akasimama, akatazama, akasahau safari. Alipofika nyumbani alikwishaamua: na yeye atakuwa mchoraji. Mama yake akampa senti 15 za rangi na brashi. Mtoto huyo ni Henry Ossawa Tanner, aliyekuja kuwa mchoraji mashuhuri, Mmarekani mweusi. Mama huyo, Sarah, alizaliwa utumwani.

Nimemtanguliza Tanner kwa sababu usiku wa leo tunatazama picha za Wamarekani wa karne ya 19 zenye mafundi kazini na watoto walio karibu nao. Ni picha za maisha ya kawaida: karakana, jiko, ufuo. Watu wengi humpita mtoto aliyemo kama pambo la kujazia kona. Mimi nawaomba tumsimamie yeye. Na kila picha tuiulize jambo moja: mtoto anamtazama fundi, sawa, fundi naye anamwona mtoto?

Hii ya kwanza ni ya Winslow Homer, ilichapishwa katika gazeti la Harper's Weekly mwezi Oktoba 1873. Ni bandari ya Gloucester, Massachusetts. Nyuma kuna merikebu inayoundwa, mataruma yake yamesimama kama mbavu za nyangumi, na wanaume wamejaa juu yake. Mbele, chini kabisa, ni watoto. Wanaokota vibanzi vya mbao, na wengine wanaunda vijimerikebu vyao. Jamani, tazameni walivyoinama! Hawachezi hawa, wako kazini. Lakini hakuna fundi hata mmoja aliyegeuka kuwaangalia. Homer aliliona hilo na akaliacha lilivyo. Ufundi unawafikia watoto kama vibanzi vinavyoanguka kutoka juu, na anayejua kuokota anaokota.

Sasa hii ya pili ni kubwa, urefu wake unakaribia mita mbili na nusu, na nataka tukae nayo. John Neagle aliichora kati ya 1826 na 1827. Mtu huyu ni Pat Lyon, mhunzi. Mikono ya shati ameikunja, kifuani ana aproni ya ngozi, nyundo mkononi, fuawe mbele yake. Wakati huo Lyon alikuwa tajiri. Angeweza kuagiza picha ya kuvaa koti na kukaa kitini kama mabwana wengine. Akakataa. Alimwambia mchoraji amchore kazini, maana hakutaka kuonekana kama bwana ambaye yeye hakuwa.

Kisha tazameni dirishani. Mnakiona kile kinara cha jengo? Ni jela ya Walnut Street. Mwaka 1798 Lyon alitengeneza kufuli za chumba cha fedha cha benki mjini Philadelphia. Benki ikaibiwa. Wakasema: nani mwingine angeweza kufungua, kama si aliyetengeneza? Naye wakati wa wizi alikuwa mbali, Delaware, akikimbia homa ya manjano iliyokuwa ikiua watu mjini. Alirudi mwenyewe kujieleza, akatiwa ndani miezi kadhaa. Hata baada ya mwizi wa kweli kujulikana, hawakumwachia mara moja. Baadaye alishtaki, akalipwa fidia. Kwa hiyo mtu huyu aliwekwa jela kwa sababu mikono yake inajua mno, na miaka karibu thelathini baadaye anaionyesha mikono hiyo hiyo, jela ikiwa nyuma yake.

Na mtoto je? Yupo. Nyuma, karibu na moto, kijana mwanagenzi. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na huyu ndiye hasa. Anamtazama bwana wake. Lyon hamtazami, anatutazama sisi. Ana kesi ya kumaliza na mji mzima. Mimi picha hii huniuma kwa jambo lisilomo ndani yake. Lyon alipokimbilia Delaware alikwenda na mwanagenzi wake, na kijana yule alifia huko kwa homa ile ile. Sidai kwamba Neagle alimchora yeye. Ila kila nikimwona kijana wa pale motoni, namkumbuka.

Hii ya Thomas Anshutz, ya 1880, nitaipita haraka. Ni wafanyakazi wa kiwanda cha chuma wakati wa mapumziko ya mchana. Watoto wamo, wanasukumana pembeni. Hakuna anayefundisha, hakuna anayetazama. Mtoto hapa ni kibarua tayari. Hesabu ya watu ya mwaka 1900 ilikuta Marekani ina watoto zaidi ya 1,700,000 wa miaka 10 hadi 15 walio kazini. Kazi wamepewa, ufundi hawakupewa, na kwangu huo ni wizi mkubwa kuliko ule wa benki.

Tumrudie Tanner. Mwaka 1893 alichora mzee mweusi akimfundisha mjukuu kupiga banjo. Chombo hicho asili yake ni Afrika Magharibi, na majukwaani Wazungu walikuwa wakijipaka masizi usoni na kukitumia kumfanyia mtu mweusi dhihaka. Tanner akakirudisha nyumbani. Mtoto amesimama katikati ya magoti ya mzee. Banjo ni nzito kwake, basi mzee ameinua shingo ya banjo kwa mkono, na kwingine kote amemwachia. Macho yao wote wawili yako kwenye nyuzi.

Miaka miwili baadaye, akiwa Ufaransa, alichora hii ya mwisho, ambayo leo iko Kansas City. Ni karakana ya viatu vya mbao. Msifikirie mitalawanda yetu. Hivi huchongwa kutoka kipande kizima cha gogo, vikafunika mguu wote. Mtoto ndiye aliye mbele. Ameushika mpini wa keekee na kuulalia kwa mwili mzima, maana mikono peke yake haitoshi kuutoboa mti. Vibanzi vimetapakaa sakafuni.

Fundi yuko nyuma. Neagle angemweka mbele, kama alivyomweka Lyon. Tanner amemrudisha mahali alipozoea kusimama mtoto, akampa na kazi ya mtoto, kutazama. Mzee ameacha lake, anamtazama mwanagenzi wake anavyohangaika. Hamnyang'anyi keekee. Anatabasamu.