Kungoja Nuru Kwenye Mahame

Mabibi na mabwana, nianze na picha isiyo ya gofu. Mwaka 1838 Louis Daguerre, Mfaransa aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa upigaji picha, alielekeza kamera yake kwenye barabara ya Boulevard du Temple, Paris. Watu walikuwepo, magari ya farasi yalikuwepo, lakini sahani yake ya chuma, iliyofanya kazi ya filamu, ilihitaji dakika kadhaa kuinasa nuru, na chochote kilichopita hakikuacha alama. Barabara ikatoka tupu. Wanaoonekana ni mtu aliyesimama na yule anayemng'arisha viatu, kwa sababu walitulia. Kwa hiyo kamera ilikuwa ikiona mahame tangu ikiwa changa, hata pale palipofurika watu. Nikiulizwa nafuata nini kwenye magofu na makaburini, jibu langu ni hilo: kamera huko iko kwao.

Nyumba yenye watu, jicho hufuata watu. Wakiondoka ndipo unaiona nuru. Mfano mzuri ni Kolmanskop, mji wa almasi katika jangwa la Namibia, ambao wakazi wake wa mwisho waliondoka mwaka 1956. Mchanga umeingia ndani, umepanda hadi nusu ya milango. Mwanga ukipenya dirishani huuangukia mchanga, nao huurudisha juu, kwa hiyo kuta na dari hupata mwanga wa kutoka chini. Chumba kinawaka bila taa. Rangi iliyobambuka, ambayo mchana ungeiona ni uchafu tu, inakuwa na kina. Kila ganda lina kivuli chake.

Mwanga wa namna hiyo hauhitaji flashi. Flashi huua chumba. Tumia stendi ya kamera, weka ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi nuru, iwe 100, acha shata, kile kilango kinachoingiza nuru, wazi sekunde 4, hata 15. Hakuna anayetikisika humo! Shida itakuwa dirisha kuungua kwa weupe huku pembe zikibaki giza. Piga picha tatu za mwanga tofauti, uziunganishe baadaye, ila kwa kiasi. Picha nyingi za magofu zimekorogwa hadi kutu inang'aa kama peremende, na mimi sizipendi.

Makaburini ndiko ninakokaa zaidi. David Octavius Hill na Robert Adamson, wapiga picha wa Uskoti, katika miaka ya 1840, walipiga picha nyingi kwenye makaburi ya Greyfriars, Edinburgh. Walihitaji jua la nje, na mawe yale ya kuchongwa yakawapa mandhari ambayo studio isingeyatoa. Sisi leo tunayaendea mawe yenyewe, na kosa letu kubwa ni saa. Jua la utosini hufuta maandishi. Rudi alfajiri au jioni, jua linapolipitia jiwe kwa ubavu, utashangaa jina likijitokeza herufi moja moja. Jiwe likiwa limeelekea upande usiopata jua, mwenzako ashike kioo kikubwa, alirushie mwanga kutoka pembeni. Mara nyingi inatosha.

Ila usilisugue. Usipake chaki wala povu la kunyolea ndevu ili herufi zionekane. Marumaru huliwa polepole na mvua yenye asidi, na uso wake ukishalegea, brashi moja inaweza kuondoka na chembe zilizobeba jina la mtu. Hata yale madoa ya kijivu na manjano juu ya jiwe, kuvumwani, yaache. Yamechukua miaka mingi kufika hapo, na kwenye picha yana uzuri kuliko jiwe jipya.

Kuna jambo linaloniudhi. Mwanasesere ameketi kwenye kiti kibovu, anatazama dirishani. Nani alimweka? Mara nyingi ni mpiga picha aliyetutangulia. Huko Pripyat, mji wa Ukraine uliohamishwa watu tarehe 27 Aprili 1986 baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, wageni wamepanga wanasesere na barakoa za gesi hadi huwezi tena kujua wenyewe waliacha nini wapi. Kiti kitupu kingetosha.

Mengine mnayajua: ombeni ruhusa, msiende peke yenu, msiamini sakafu ya mbao, na vumbi la asbesto si la kuvuta. Penye mazishi, kamera irudi mkobani.

Naomba taa za nyuma zizimwe. Picha ya kwanza ni ya mlango mmoja, ila nimeupiga mara tano, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi.