Hapana, silipwi kuwaandikia wazee wa Uingereza

Haya ndugu zangu, karibuni tena. Mnajua niko huku Uingereza, na kwa kujitolea nawaandikia barua wazee wapweke. Kila nikifungua komenti swali ni lile lile: "Dada, hizo barua za wazee wa Kizungu zinalipa shilingi ngapi?" Hazilipi. Karatasi nanunua mwenyewe, bahasha mwenyewe, na stempu ya daraja la pili ilipanda Aprili 2025 ikafika peni 87. Ukisikia mtu anakutafutia kazi ya kuandika barua huku kwa mshahara, usimpe hela yako. Wala sijionyeshi; mmeuliza, najibu.

Kazi inayonilipa ni kuhudumia wazee. Kwenye shifti unamwogesha bibi, unampa dawa, anaanza kukusimulia habari za marehemu mumewe, nawe chumba cha pili kengele inalia. Unamwacha katikati ya maneno. Wengine marafiki wote wameshazikwa. Huku upweke umefika hadi serikalini: mwaka 2018 aliteuliwa waziri wa kuushughulikia, baada ya kazi aliyoianzisha mbunge Jo Cox kabla hajauawa mwaka 2016. Halafu korona ya 2020 ikafunga nyumba za wazee, watoto wakawa wanawapungia mama zao dirishani.

Kikundi chetu cha kuwaandikia wazee hawa kina masharti: maandishi makubwa, jina la kwanza tu, usiweke anwani yako, usiahidi kwenda kumwona. Mimi naandika habari za masika Morogoro na kuku wa mama. Bibi mmoja alijibu, anataka kujua kama yule jogoo mkorofi bado anafukuza wageni.

Sasa nyie mnaoandika "umemwacha mwanao unabembeleza Wazungu", hilo linaniuma. Viza yangu ya kazi ya utunzaji niliomba baada ya 11 Machi 2024, na kuanzia siku hiyo wahudumu wa wazee tulioomba upya haturuhusiwi kuleta mume wala mtoto. Wakala aliyekula mamilioni yangu Dar alilijua hilo, akanyamaza. Mwanangu naongea naye kila jioni. Simu ikikatika, chumba kimoja, mimi na kuta, nachukua kalamu. Najua yule bibi anakaaje.

Kama unataka kujitolea na wewe uko huku kwa viza ya masomo au nyingine, soma masharti yako kwanza. Yangu si yako. Mambo ya viza mwulizeni mwanasheria aliyesajiliwa, msinifuate inboksi. Mimi naandika barua tu.