Mchezaji Anapohama na Hasira za Mashabiki

Mabibi na mabwana,

Mwaka 2025, muda mfupi baada ya Chuo Kikuu cha South Carolina kufungwa na Chuo Kikuu cha Connecticut (UConn) pointi 82 kwa 59 katika fainali ya mpira wa kikapu wa wanawake wa vyuo vikuu vya Marekani, mchezaji MiLaysia Fulwiley aliihama South Carolina na kujiunga na wapinzani wao, Chuo Kikuu cha Louisiana State (LSU). Fulwiley ni mzaliwa wa Columbia, mji uleule chuo kilipo, na mwaka 2024 alikuwa katika kikosi kilichotwaa ubingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja. Kwa hiyo baadhi ya mashabiki waliuona uhamisho wake kama usaliti, nao hawakuyapima maneno yao. Kipindi hichohicho South Carolina ilimpata Ta'Niya Latson, aliyeongoza nchi nzima kwa wastani wa pointi akiwa Florida State, na huyo akapokewa kwa shangwe. Mkuki kwa nguruwe!

Siwabezi mashabiki hao, kwa sababu uchungu wao una asili. Mwanamume anaweza kuingia NBA, ligi ya kulipwa ya wanaume, baada ya mwaka mmoja tu wa chuo, ilhali WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake, humtaka mchezaji wa Marekani awe anatimiza miaka 22 katika mwaka wa uteuzi wa wachezaji wapya, au awe amehitimu. Ndiyo maana shabiki wa timu ya wanawake alizoea kumwona msichana akikua mbele yake kwa misimu minne, na mazoea hayo ndiyo yaliyojaza viwanja.

Hata hivyo, kwa mchezaji hesabu ni nyingine. Hadi 2024 WNBA ilikuwa na timu 12 tu, na aliyechaguliwa wa kwanza mwaka 2025 alianza kwa mshahara usiofika dola 80,000 kwa mwaka. Tangu Julai 2021 wanamichezo wa vyuo wameruhusiwa kujipatia kipato kwa majina yao, kama vile kwa matangazo, kwa hiyo kwa wengi miaka ya mwisho ya chuo huenda ikawa ndiyo yenye kipato kizuri kuliko yote. Fulwiley, pamoja na kipaji chake, mara nyingi aliingia kutoka benchi. Angengoja nini?

Zamani mchezaji aliyehama alikaa nje msimu mzima. Mwaka 2021 aliruhusiwa kuhama mara moja bila adhabu hiyo, na mwaka 2024, baada ya kesi mahakamani, kikomo kikaondolewa kwa anayetimiza masharti ya masomo. Makocha hawakuwahi kuwekewa kizuizi cha namna hiyo. Kocha Kim Mulkey aliiachia timu ya Chuo Kikuu cha Baylor mataji matatu, akahamia LSU mwaka 2021, akafundisha msimu uliofuata na kutwaa ubingwa mwaka 2023. Nyota wa ubingwa huo, Angel Reese, naye alikuwa amehama kutoka Maryland, lakini ndiye aliyewaambia waandishi wa habari mwaka 2024 kwamba alikuwa akitishiwa kuuawa.

Mchezaji Hailey Van Lith alitoka Louisville, akapita LSU ambako alikosolewa vikali, akaishia TCU, timu ya Chuo Kikuu cha Texas Christian, na kuifikisha robo fainali ya taifa mwaka 2025 kwa mara ya kwanza katika historia yake. Chicago Sky, timu ya WNBA, walimchukua katika nafasi ya 11 ya uteuzi. Laiti angebaki alikotukanwa ili aonekane mwaminifu, sijui uaminifu huo ungemlipa nani.