Kuvuta Boti kwa Hilux Kongwe ya Dizeli, Mtwapa hadi Shimoni

Karibuni tena, wenzangu. Pikapu mnayoiona ni Toyota Hilux yenye injini ya 3L: dizeli ya silinda nne, cc 2,779, haina tabo. Nyuma yake kuna tela la ekseli moja lililobeba boti ya fiba ya futi 18. Tunaitayarisha kwa safari ya pwani ya Kenya, Mtwapa kaskazini mwa Mombasa hadi Shimoni kule kusini: daraja la Nyali, Makupa, Miritini, halafu barabara ya Dongo Kundu, ili tusihangaike na tela kwenye feri ya Likoni. Mwenye injini ya 2L au 5L, za ukoo huu huu, afuate hivi hivi. Mwenye Nissan yenye injini ya TD27, tukifika kwenye mkanda wa taimingi aruke, yake inaendeshwa kwa gia.

Watu wengi huanza kwa kutafuta tobaa, kile chuma cha kufungia tela nyuma ya gari. Sisi tunaanza kwenye rejeta. Injini hizi zina nguvu ya kutosha kuvuta tani moja polepole; zisichovumilia ni kuchemka. Hedi za ukoo huu wa L zina sifa ya kupasuka zikichemshwa, na hedi ikishapasuka, bei yake utaijua dukani.

Fungua kifuniko cha rejeta asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Chovya kidole. Maji yakiwa na rangi ya kutu, gari limekuwa likinyweshwa maji matupu. Ukiona utelezi wa oili juu yake, simamisha mpango wote umwite fundi aangalie gasketi ya hedi. Na hapa Mombasa kuna kosa letu wenyewe: maji ya kisima. Visima vingi vya kisiwani na vya pwani vina chumvi, na chumvi hiyo hujenga magamba ndani ya mirija ya rejeta na kula alumini. Mwaga yote, suuza mpaka yatoke meupe, kisha jaza kulanti, dawa ya kupoza injini, nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, yale ya betri. Kifuniko chenyewe kikague mpira wake. Kimeandikwa 0.9, yaani kinashikilia presha ya karibu baa 0.9, na kwa presha hiyo maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 119. Mpira ukipasuka, yanachemka kwa 100 kama sufuria ya chai.

Sasa themostati, kile kilango kinachofunguka maji yakipata moto ili yaende kwenye rejeta. Fundi wengi huitoa wakisema nchi ya joto haiihitaji. Itoe yako uigeuze: ukiona kisahani cha pili upande wa chini, kazi yake ni kuziba njia ya mkato maji yakishapata moto. Ukiitupa, njia hiyo hubaki wazi na sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Tambarare hutaona tofauti. Utaiona mlimani, ukiwa na mzigo. Kuipima ni rahisi: iweke kwenye sufuria ya maji jikoni, ifunguke kabla hayajachemka. Joto lake limepigwa chapa kwenye chuma.

Feni nayo ina klachi yake, ile bakuli ya alumini katikati. Endesha mpaka injini ipate moto, zima, kisha usukume panga la feni kwa mkono. Liwe zito, lisimame lenyewe. Likizunguka raundi mbili tatu kama pia, oili ya silikoni ndani imekwisha, badilisha.

Mkanda wa taimingi, unaopatanisha valvu na pistoni: badilisha kila kilomita 100,000. Kama umenunua gari na hujui ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haukubadilishwa. Ukikatika, pistoni hugonga valvu. Oili ya injini tunatumia 15W-40. Mimina lita 5, washa, zima, ngoja dakika tano, kisha malizia kwa kuangalia kijiti. Ikipita alama ya juu punguza.

Haya, mafuta. Njooni karibu na kamera. Hii ni filta ya dizeli, na hiki chini yake ni kizibo cha kutolea maji. Unyevu wa pwani huingia kwenye tangi, na tangi likikaa na robo tu usiku, maji hutona ukutani mwa tangi na kushuka chini. Weka chupa ya plastiki nyeupe chini ya filta. Legeza kizibo raundi mbili, usikitoe. Bonyeza pampu ya mkono hapa juu, mara kumi na tano hivi. Mnaona? Kinachotoka kwanza ni cheupe na kinazama chini kama shanga, na dizeli ya manjano inakaa juu yake. Hayo ndiyo maji. Endelea mpaka itoke dizeli tupu, kaza kwa mkono, usitumie koleo, halafu bonyeza pampu tena mpaka iwe ngumu. Maji haya yakifika kwenye pampu kuu na nozo zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini, yanazikwaruza na kuzitia kutu, na gari litaanza kukohoa ukiwa umebanwa na malori pale Changamwe. Kabla ya safari jaza tangi usiku, si asubuhi.

Kuna fundi atakayekuambia akuongezee dizeli kwenye skrubu ya pampu ili gari "livute". Mkatalie. Injini isiyo na tabo haipati hewa zaidi ya ile inayoivuta yenyewe. Dizeli ya ziada inatoka moshi mweusi na joto. Kama tayari inatoa moshi mweusi ikipanda, anza na filta ya hewa, kisha nozo zipimwe kwenye mashine. Moshi wa buluu ni oili. Mweupe usiokoma injini ikiwa moto ni dizeli isiyoungua au maji, na maji yana harufu tamu ya kulanti.

Breki zina jambo ambalo hata madereva wa zamani hawalijui. Injini ya petroli huipa busta ya breki, kile kifaa kinachoongezea mguu nguvu, mvuto kutoka kwenye manifoldi. Dizeli hii haina mvuto huo, kwa hiyo kuna pampu ndogo ya vakyumu iliyofungwa nyuma ya oltaneta, inayolainishwa na oili ya injini kupitia mpira mwembamba. Mtu akikuwekea oltaneta ya gari lingine isiyo na pampu, taa zitawaka na betri itachaji, lakini pedali itakuwa ngumu kama jiwe. Jaribu hivi: injini imezimwa, kanyaga breki mara tano, shikilia, kisha washa. Pedali lazima izame kidogo chini ya mguu. Isipozama, hakuna kuvuta tela leo.

Chini nyuma, juu ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, tafuta valvu yenye mkono mrefu wa chuma unaopanda na kushuka na springi. Inapima mzigo na kuzigawia dramu za nyuma presha. Chumvi huugandisha mkono huu ukiwa umelala kwenye hali ya gari tupu, na breki za nyuma zikashika kwa unyonge hata ukiwa na mzigo. Uchezeshe kwa mkono, usafishe, upake grisi. Maji ya breki badilisha kila miaka miwili. Hunywa unyevu wa hewa, na unyevu tunao wa kugawa.

Tobaa ifungwe kwenye chasisi, pande zote mbili, kamwe si kwenye bampa. Kabla ya kutoboa chochote, chukua nyundo ndogo ugonge chasisi kuanzia mwisho wake hadi zilipofungwa springi. Chuma kizima kinalia, ting. Kilichooza kinatoa sauti butu na magamba yanadondoka. Ukisikia hiyo sauti butu, pesa ya tobaa peleka kwanza kwa fundi wa kulehemu. Bolti ziwe za milimita 12, zenye namba 8.8 kichwani, zikazwe kwa Nm 80, na uzikague tena baada ya kilomita 50 za kwanza.

Boli, lile tufe la chuma juu ya tobaa, ni ya milimita 50. Mdomo wa tela, yaani kile kikombe kinachomeza boli, angalia umechongwa namba gani. Ukiwa mkubwa kuliko boli utaruka kwenye tuta la kwanza. Urefu wa boli kutoka chini, mzigo ukiwa juu, uwe kati ya sentimita 35 na 42 ili tela lilale sawa.

Taa: soketi ya pini 7. Namba 1 manjano, indiketa ya kushoto. Namba 3 nyeupe, athi, yaani waya wa kurudishia umeme. Namba 4 kijani, indiketa ya kulia. Namba 5 kahawia, taa ya nyuma kulia. Namba 6 nyekundu, breki. Namba 7 nyeusi, taa ya nyuma kushoto. Namba 2 ya buluu ni ya taa ya ukungu, huku kwetu iache. Ukiwasha indiketa na taa zote zikapepesa pamoja, tatizo ni athi, usipoteze siku kubadilisha balbu. Na tela liwe na namba yake mwenyewe, ile inayoanza na Z.

Sasa jambo linaloangusha watu: uzito wa pua, yaani uzito ambao mdomo wa tela unaukalia boli. Hii hapa ni mizani ya kawaida ya kujipimia uzito nyumbani. Tela liko mahali tambarare, magurudumu yamewekewa magogo. Nimesimamisha kipande cha boriti juu ya mizani, urefu sawa na boli, na mdomo wa tela umekalia juu yake. Inasoma kilo 35. Tela na boti vyote ni karibu kilo 1,000, kwa hiyo pua ni nyepesi mno. Tunataka kati ya 70 na 100. Kwa nini nyepesi? Mashine ya boti. Ya nguvu farasi 40 peke yake hukaribia kilo 70, na inaning'inia nyuma kabisa. Pua nyepesi hufanya tela lianze kuyumba kama mkia wa kenge ukifika kilomita 70 kwa saa.

Dawa si kurundika mawe mbele. Sogeza boti. Boti hii na mashine yake ni kilo 700, na kutoka ekseli hadi mdomo wa tela ni sentimita 350. Tukiisogeza mbele sentimita 20: 700 mara 20, gawa kwa 350, ni kilo 40. Tazama mizani: 75. Sasa hamisha kizuizi cha mbele pale boti ilipofikia na ufunge mkanda. Matangi ya petroli ya boti yabebe ndani ya pikapu, na maji usibebe kabisa, kila lita ni kilo.

Kufunga: grisi kidogo kwenye boli, shusha, funga kufuli, tia pini. Kisha inua mdomo wa tela kwa jeki yake mpaka nyuma ya pikapu inyanyuke kidogo, usipochomoka, umefunga. Minyororo miwili ipishane chini kama herufi X, ili pua ikichomoka idakwe kabla ya kuchimba lami.

Barabarani, gia ya tano isahau penye mlima. Kutoka Kibarani kupanda Changamwe tumia ya tatu mapema, kabla injini haijaanza kunguruma kwa uzito. Pikapu nyingi za kazi hazina mita ya mizunguko, kwa hiyo tumia sikio. Injini iimbe, isigugumie. Mteremko wa Dongo Kundu ushuke kwa gia ile ile ambayo ungeupandia. Tela likianza kuyumba usikanyage breki wala kukata usukani: inua mguu kwenye mafuta, shikilia usukani wima, lingoje litulie.

Mshale wa joto ukipanda, zima eyakondishena, fungua hita ya ndani mpaka mwisho, kwa jasho lako mwenyewe, na utafute pa kusimama. Acha injini izunguke polepole, isipokuwa kama mvuke unatoka au maji yamemwagika; hapo zima mara moja. Kifuniko usikiguse kwa nusu saa.

Ukifika Miritini simama. Weka kiganja kwenye habu za tela. Vuguvugu ni sawa. Ukishindwa kuacha mkono kwa sekunde tano, beringi zimekazwa mno au hazina grisi. Kukaza vizuri: zungusha gurudumu huku ukikaza nati, ilegeze yote, kisha ikaze kwa vidole tu, tia pini na uipinde. Seti moja ya beringi na sili ibaki ndani ya gari siku zote.

Shimoni, usikimbilie majini. Chomoa kwanza waya wa taa, balbu ya moto ikizama hupasuka. Kisha ngoja habu zipoe, robo saa. Habu ya moto ikitumbukia kwenye maji baridi, hewa ndani hunywea na kuvuta maji ya chumvi kupitia sili, na wiki mbili baadaye beringi inalia. Angalia maji pia: wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3, na maji yakipwa sana utajikuta kwenye utelezi wa mwani, chini ya mwisho wa saruji ya njia ya kushushia boti. Shusha yakiwa yanajaa, yakikaribia kutimia. Ukirudi nyuma shika usukani kwa chini: mkono ukienda kushoto, tela linaenda kushoto. Magurudumu ya nyuma ya pikapu yasiguse maji, maana handibreki inashika hayo tu. Gari likisimama, weka magogo.

Tela likishatoka, limwagie maji matamu lita 40 au zaidi: habu, springi, nati, ndani ya boriti za fremu. Chini ya pikapu vilevile. Ukiondoka, kanyaga breki kidogo kidogo kwa mita mia moja za kwanza mpaka dramu zikauke.